Piano ya Vifungo vya Shati

Seremala aliingia uani na ubao begani, jasho likimchuruzika hadi kidevuni, na nyuma yake watoto wa mtaa mzima wakimfuata kana kwamba amebeba keki.

"Pisheni! Pisheni piano ipite!" alipiga kelele. "Wewe, toa hiyo ndoo! Ikikwaruzwa hii mtanijua mimi nani!"

Mkewe, Mama Chiriku, aliruka kutoka kwenye cherehani yake chumbani na uzi ukiwa bado mdomoni. Akasukuma meza ya kukatia vitambaa ukutani, akafuta juu yake kwa upindo wa gauni, na ubao ukalazwa pale taratibu kama mtoto mchanga.

Ulikuwa ubao mzuri, hilo halina ubishi. Seremala alikuwa ameupiga msasa mpaka ukateleza kama sabuni. Meno meupe ya piano ameyapaka rangi ya mafuta, na kila baada ya jino jeupe amegongelea kijiti cheusi, kimoja hapa, kimoja pale, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, vimenyooka kama askari kwenye gwaride. Vipimo alipewa na mkewe. Naye mkewe aliichukua sura ya piano kwa macho tu, kutoka barazani kwa Mwalimu, kupitia pazia la dirisha, maana Mwalimu wa piano alikuwa na sheria moja kali: wazazi nje.

"Una hakika yamepangwa hivi?" Seremala alikuwa ameuliza kabla ya kugonga msumari wa kwanza.

"Baba Chiriku, mimi mtu akipita njiani namjua kiuno chake ni inchi ngapi. Piano ndiyo itanishinda?"

Sasa mtoto mwenyewe akapandishwa kwenye kigoda. Alikuwa na miaka saba, na jina la Chiriku alilipata kwa sababu toka alipojua kusema hakunyamaza tena, isipokuwa akilala, na hata huko ndotoni alikuwa na ya kusema.

"Mbona haitoi sauti?" mtoto mmoja wa jirani akauliza.

"Sauti ninayo mimi!" Chiriku akajibu, akaanza kubonyeza ubao kwa vidole huku akiimba kwa nguvu zote, "Do, do, re! Kuku kaenda sokoni!" Watoto wakarukaruka. Seremala akacheza mle mle na msumeno mkononi. Mama Chiriku akapiga mezani kwa kishikio cha mkasi, moja mbili, moja mbili, na moyo wake ulijaa mpaka ukataka kumwagika.

Hakuna aliyejua kwamba ndani ya chumba kile kumeingia balaa limepakwa rangi.

*

Kwa Mwalimu, kila Jumatano, sebule iligeuka soko. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, nywele zake zimekatwa fupi kabisa, na sauti yake nzito iliwatuliza watoto bila kupandishwa. Piano aliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu, lakini meno yake aliyapangusa kwa kitambaa kila asubuhi.

"Meno yangu nayapiga mswaki baada ya haya," aliwaambia watoto, nao wakaamini.

Jumatano moja, wiki kadhaa baada ya ubao ule kuletwa, alianza na mtoto wa dereva wa lori, ambaye wote walimwita Dereva Mdogo. Huyu hakuwa na habari na meno. Aliinama chini ya piano akaona vikanyagio vitatu, uso ukamng'aa.

"Mwalimu! Kumbe ina klachi!"

"Ina nini?"

"Klachi, breki, mafuta!" Akakaa, akashika ukingo wa piano kama usukani, akakanyaga cha kulia mpaka mwisho, akapiga meno kumi kwa mpigo mmoja. Sauti zikachanganyikana zikavuma nyumba nzima. "Vruuum! Mwalimu, hii haishiki breki!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwambia, "Sawa, dereva. Lakini umeona umekanyaga mafuta kwenye kona? Sauti zote zimegongana. Kwenye kona dereva mzuri anafanyaje?"

"Anaachia mafuta."

"Basi achia kila wimbo unapokata kona." Na kuanzia dakika ile mtoto yule akajua kazi ya kikanyagio, jambo ambalo wakubwa wengine hulitafuta miaka.

Akafuata Profesa, mtoto wa Mama Miwani. Profesa alipiga wimbo wake wote bila kosa, mgongo umenyooka, na alipomaliza hakutabasamu. Alitazama dirishani, alikokuwa mama yake. Mama Miwani akaitikia kwa kichwa mara moja tu, kama karani anayegonga muhuri, ndipo mtoto akashusha pumzi.

"Chiriku, zamu yako, mama."

Chiriku akatembea moja kwa moja hadi mwisho kabisa wa piano, upande wa kushoto, akaanza kuhesabu meno kutoka ukingoni kwa kidole.

"Unakwenda wapi tena?" Mwalimu akauliza.

"Naanzia mwanzo."

Akabonyeza. Huko mwisho piano ina sauti nene za kutisha, na yule kuku aliyekwenda sokoni akanguruma kama simba mwenye njaa. Watoto wakaanguka kwa kicheko.

"Njoo katikati. Nilikufundisha nini? Meno meusi yamekaa kifamilia. Hapa mapacha wawili, hapa ndugu watatu, halafu mapacha tena. Ukitaka kujua uko wapi, tafuta mapacha. Do anakaa kushoto kwao, mlangoni kabisa. Haya, cheza."

Chiriku akacheza. Alifika pale kuku anaporuka ukuta, ambapo kidole hupanda jino jeusi, akanong'ona "jeusi la nne," akabonyeza. Ikatoka sauti ya kuchubua masikio.

"Kuku wako kila wiki anaruka ukuta wa jirani!" Mwalimu akasema. Watoto wakacheka tena, lakini safari hii Chiriku hakucheka nao.

Masomo yalipokwisha, Mwalimu alitoka barazani. Alimwita Mama Chiriku pembeni, lakini pembeni yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa Mama Miwani aliyekuwa akizungusha ufunguo wa gari kidoleni.

"Mama Chiriku, mtoto anafanya mazoezi kweli?"

"Kila siku, Mwalimu! Asubuhi na jioni."

"Kwa chombo gani?"

Mama Chiriku alimwona Mama Miwani akitega sikio. Ulimi wake ukatangulia. "Tuna piano nyumbani."

"Loo! Hongereni," akasema Mama Miwani, akiyatazama mabaki ya nyuzi kwenye gauni lake. "Aina gani?"

"Ya... ya mbao."

"Zote ni za mbao, mwenzangu."

Mwalimu alikunja uso kidogo. "Basi sielewi. Mwenye piano nyumbani hapotezi mapacha. Nisikufiche. Siku ya wazazi ni Jumapili hii. Kuna watoto wengi wanasubiri nafasi, na mimi nina piano moja. Chiriku akishindwa kufika mwisho wa wimbo wake, itabidi nimpumzishe, nafasi nimpe mwingine. Naumia kusema, lakini ndivyo."

"Atafika," Mama Chiriku akasema. Uso ulimwaka kama pasi ya mkaa.

*

Nyumbani hakuvua hata viatu.

"Kaa! Cheza!"

Chiriku akakaa mbele ya ubao, akacheza, akaimba. Wimbo wote, bila kusita, na kuku akaruka ukuta vizuri kabisa. Kwani sauti si yake mwenyewe?

"Unaona? Hapa unaweza! Kule unafanya makusudi ili nichekwe!"

"Mama, kule kuna mapacha. Hapa hakuna mapacha."

"Mapacha gani?"

"Mwalimu anasema meusi yako kifamilia. Haya yetu yote ni yatima."

"Usinipe hadithi mimi! Uvivu wako unautafutia wajomba!" Na kabla hajafikiri, rula ya mbao ya kukatia vitambaa ilikuwa imeshatua juu ya vidole vya mtoto. Mara mbili. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akasema, kama wasemavyo wote ambao mkono umewatangulia akili.

Chiriku hakulia. Hicho ndicho kilichotisha. Aliiweka mikono yake kwapani, akashuka kwenye kigoda, akaenda kukaa nyuma ya mlango, akanyamaza.

Akanyamaza siku hiyo, na kesho yake. Akiitwa anaitika "abee", akipewa chakula anakula, akiambiwa cheza anacheza, vidole vikienda juu ya ubao, mdomo umefungwa. Sasa ubao ukawa ubao tu. Tap, tap, tap.

"Nyumba hii imekuwa kama redio iliyokwisha betri," Seremala alisema jioni akivua viatu. "Mtoto ana nini?"

"Anajifunza adabu."

"Ya piano au ya makaburini?"

Mama Chiriku akakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

*

Jumamosi mchana, nguo nusu zikiwa zimetundikwa na nusu zimetapakaa, hodi ikabishwa mlangoni. Mama Chiriku akachungulia. Mwalimu!

Alikuwa amesahau. Gauni la Mwalimu la siku ya wazazi lilikuwa hapo hapo kwenye hanga, na leo ndiyo siku ya kulijaribu. Na ubao uko mezani, unang'aa, mbele ya macho ya kila anayeingia.

"Karibu, Mwalimu, karibu! Subiri kidogo hapo hapo, nafagia!" Akanyakua pazia la mteja akalitupa juu ya ubao, juu yake mashuka, juu ya mashuka mto. Ilikuwa kama mtu amelala mezani.

Mwalimu akaingia. Chiriku akatoka nyuma ya mlango. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona sauti ndogo hivyo? Umemeza pamba?" Mwalimu akamgeukia mama. "Nimekuja kwa gauni, lakini nimekuja na jambo jingine. Nimelala nikiwaza. Mtoto huyu ana sikio zuri, akiimba hakosei hata chembe. Huenda kosa si lake. Huenda piano yenu imeharibika. Naomba niione."

"Imekwenda kwa fundi!"

"Fundi gani?"

"Fundi... wa piano."

"Katika mji huu fundi wa piano ni mmoja, na jana alikuwa kwangu."

Wakati huohuo Seremala akatokea mlangoni, kalamu ya risasi sikioni, vumbi la mbao kwenye kope. Yeye hakuwa na habari ya uongo wowote. Alipomwona mgeni akafurahi kupita kiasi.

"Ee! Mwalimu mwenyewe! Mke wangu, umeshamwonyesha piano niliyochonga?"

"Baba Chiriku, mgeni amechoka..."

"Hata kama amechoka! Uchovu utamtoka!" Akavuta pazia kwa mkono mmoja. Mto ukaruka, mashuka yakafuata, na ubao ukatokea mchana kweupe.

Mama Chiriku alitamani ardhi ipasuke, naye aingie yeye pamoja na cherehani.

Mwalimu akausogelea. Akapitisha kidole juu ya vijiti vyeusi, kimoja, kimoja, kimoja. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo. Mabega yakaanza kumtikisika. Akajaribu kujizuia, akaweka mkono mdomoni, haikusaidia. Akakaa kwenye kigoda cha mtoto akacheka mpaka machozi.

"Mama Chiriku! Hivi vijiti umevipanga kama vifungo vya shati!"

"Nilipima kwa rula," Seremala akasema, amekasirika. "Hakuna hata kimoja kilichopinda!"

"Ndiyo tatizo lake, baba. Vimenyooka mno. Kwenye piano kuna mahali jeusi halipo. Yako mawili, pengo, matatu, pengo. Hayo mapengo ndiyo ramani. Wewe umempa mtoto mji ambao nyumba zote ni sawa na hakuna njia panda. Afanyeje? Ahesabu kutoka ukingoni! Na jeusi la nne la kwenu ni la tatu la kwangu. Ndiyo maana kuku anavuka mpaka kwa jirani!"

Ghafla kicheko kilikuwa kimemtoka chote.

"Kumbe mtoto huyu alikuwa akifanya mazoezi barabara. Alichofundishwa amekishika, kidole kwa kidole. Na mimi nimemtania mbele ya wenzake. Chiriku, nisamehe, mama."

Chiriku hakumtazama Mwalimu. Alimtazama mama yake, na polepole mikono yake ikaenda kwapani.

Mama Chiriku aliona. Alisikia pia, kichwani mwake, ile sauti ndogo: hapa hakuna mapacha. Mtoto alisema. Alisema wazi, kwa Kiswahili ambacho hata kuku angekielewa.

*

Mwalimu alipoondoka, Seremala alichukua nyundo na koleo akaanza kung'oa. Kila kijiti kilichotoka alikiomba radhi kwa sauti. "Pole, bwana. Ulikuwa umenyooka. Lakini hapa hutakiwi."

Mama Chiriku akapiga magoti mbele ya kigoda alichokalia Chiriku. Hakuwahi kumwomba mtoto samahani maishani mwake, wala hakuwahi kuombwa alipokuwa mtoto, kwa hiyo maneno yalimtoka kwa shida, kama uzi mnene kwenye tundu la sindano.

"Uliniambia kweli, nikakupiga. Kosa lilikuwa langu, si lako. Nisamehe."

Chiriku akatafakari. "Vidole viliuma."

"Najua."

"Hujui. Hukupigwa wewe."

Seremala akakohoa. "Ni kweli," Mama Chiriku akasema. "Sijui."

"Basi cheza wewe," mtoto akasema.

"Mimi? Mimi sijui kucheza!"

"Ndiyo maana nakwambia ucheze." Akateremka, akamwonyesha kigoda. Mama mtu mzima akakaa, magoti yakagusa kidevu. "Haya. Mapacha wako wapi?"

"Hawa hapa."

"Hao ni ndugu watatu. Tazama vizuri, mama, usinipe hadithi."

Kutoka chini ya meza, alikokuwa akitafuta msumari, Seremala alipasuka kicheko. Mama Chiriku akapapasa, akakosa, akapapasa tena. Vidole vile vilivyotia uzi kwenye sindano gizani vilikuwa vigumu kama kuni. Do ikampotea. Kuku akafika sokoni kabla ya kutoka bandani.

"Haki ya Mungu, ni kazi hii!" akasema, jasho puani.

"Si nilikuwa nakwambia?" Chiriku akajibu. "Na bado hujaona, ukifika pale kwenye ukuta kidole cha pete hakitaki, kinasema niache nimelala, halafu hiki kidogo kinajifanya hakisikii, halafu Mwalimu anakutazama, halafu..." Na betri ikawa imerudi. Aliongea mfululizo mpaka chakula kikapoa. Hakuna aliyemnyamazisha.

*

Jumapili sebule ya Mwalimu ilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Leo wazazi waliruhusiwa ndani. Mama Chiriku aliiona piano kwa karibu kwa mara ya kwanza, akayaona mapengo, akaona haya peke yake.

Dereva Mdogo alipiga kwa kelele lakini kwenye kila kona aliachia mafuta, na baba yake akasimama akashangilia kama yuko uwanjani. Profesa akapiga bila kosa. Mama Miwani alikuwa akimhesabia kwa midomo, bila sauti, na jicho la mtoto likaenda kwake baada ya kila mstari. Alipomaliza watu walipiga makofi sana. Mtoto akainama, kisha akaiweka mikono yake kwapani.

Mama Chiriku akashtuka. Mikono ile aliijua.

"Chiriku!" Mwalimu akaita.

Chiriku hakwenda ukingoni. Alisimama mbele ya piano, akanong'ona jambo kwa mapacha kama anawaamkia, akakaa mlangoni kwao. Do, do, re. Kuku akatoka. Mama Chiriku alikuwa ameikalia mikono yake mwenyewe ili isimhesabie mtu.

Ukuta ukafika. Kidole kikapanda, kwa mazoea ya zamani, kikabonyeza jeusi la jirani. Sauti ya kuchubua ikatoka. Chiriku akasimama.

Mama Miwani akafyonya. Mama Chiriku alihisi jina la mtoto likimpanda kooni, akalirudisha chini kwa nguvu, likashuka kama mfupa wa samaki.

Na Chiriku akacheka. Kicheko chake kile kile cha nyumbani. "Karudi huyu kuku," akasema kwa sauti. Akayatazama meno, akawapata ndugu watatu, akaanza tena mstari ule toka mwanzo. Kuku akaruka ukuta wake, si wa mtu, akaenda sokoni, akanunua, akarudi bandani. Mwisho.

Baba yake alipiga makofi mpaka vumbi la mbao likamtoka nguoni.

Mwalimu hakupiga makofi. "Chiriku, ulisimama katikati. Kwa nini?"

"Nilikuwa natafuta."

"Ukapata?"

"Nikapata."

"Nilisema ufike mwisho. Sikusema usipotee njiani. Jumatano usichelewe."

Sasa Mama Chiriku alipiga kelele ambayo majirani wa Mwalimu waliiulizia baadaye.

Watu walipokuwa wakiinuka, Mama Miwani alimsogelea. Hakuzungusha ufunguo. "Mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini, "mwanao amekosa mbele ya watu wote. Mbona alicheka? Ninyi nyumbani mnamfanyaje?"

"Juzijuzi nilimpiga vidoleni kwa rula, akanyamaza. Asicheke, asilie. Nikadhani ndiyo adabu." Mama Chiriku aliona uso wa mwenzake ukibadilika, akashusha sauti zaidi. "Wa kwako anapenda kucheza, au anaogopa kukosea?"

Mama Miwani alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Akamtafuta mwanawe kwa macho. Profesa alikuwa chini ya piano na Dereva Mdogo, amelala kifudifudi na shati jeupe la kupigwa pasi, akibonyeza vikanyagio kwa mikono yote miwili.

"Vruuum," alikuwa akisema, polepole, kama mtu anayejaribu neno geni. "Vruuum."

Mama Miwani akafungua kinywa amwite. Akakifunga.